Kidhibiti cha mtandao pasiwaya

Kidhibiti cha mtandao pasiwaya ni kifaa, au programu iliyowekwa ndani ya seva, kinachosimamia kwa pamoja vituo vingi vya ufikiaji vya Wi-Fi katika taasisi kama vile shule, chuo, hospitali, hoteli au ofisi ya serikali. Kituo cha ufikiaji ni kisanduku kinachofungwa darini au ukutani na kurusha mawimbi ya redio. Mafundi wengi hukiita akses pointi. Badala ya fundi kupita chumba hadi chumba akipanga kila kisanduku peke yake, maagizo huandikwa mara moja kwenye kidhibiti, nacho huyasambaza kwa vituo vyote.

Kwa kuwa kidhibiti huamua kwa niaba ya vituo vyote, uamuzi mmoja usiofaa huathiri taasisi nzima. Mambo mawili huhitaji uangalifu wa pekee. La kwanza ni kasi za data zinazoruhusiwa hewani: hizi huamua ni nani anaweza kuunganishwa na akiwa umbali gani. La pili ni upatikanaji wa huduma bila kukatika: huu huamua kama mtumiaji ataendelea kuhudumiwa siku ambayo kifaa, umeme au njia ya mawasiliano imepata hitilafu. Yote mawili hutegemea mahali mtandao ulipo. Mpangilio unaofaa ghorofa moja jijini Dar es Salaam unaweza usifae hospitali yenye wodi zilizotawanyika mkoani Singida.

## Historia

Kiwango cha kwanza cha mitandao hii, IEEE 802.11, kilitolewa mwaka 1997 na kiliruhusu kasi mbili tu, yaani megabiti 1 na megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 vilifuata 802.11b, kilichofikia megabiti 11, na 802.11a, kilichofikia megabiti 54 katika masafa ya gigahezi 5. Kiwango cha 802.11g kilileta megabiti 54 katika gigahezi 2.4 mwaka 2003. Baadaye vilikuja 802.11n (2009), 802.11ac (2013) na 802.11ax (2021).

Vituo vya mwanzo vilijitegemea. Taasisi yenye vituo vitano iliweza kuvimudu, lakini yenye vituo mia moja haikuweza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni za Marekani, zikiwemo Airespace na Aruba Networks, zilianza kuuza vidhibiti vya pamoja. Airespace ilinunuliwa na Cisco mwaka 2005. Mwezi Machi 2009 itifaki ya CAPWAP ilichapishwa kama RFC 5415, ikaweka lugha ya pamoja ya mazungumzo kati ya kidhibiti na vituo vyake.

Siku hizi kuna vidhibiti vya aina tatu: kifaa kamili kinachowekwa katika chumba cha seva, programu inayowekwa kwenye kompyuta ya kawaida, kama ile ya UniFi ya Ubiquiti, na huduma inayokaa katika vituo vya data vya mbali na kufikiwa kupitia intaneti, kama Meraki.

## Namna kinavyofanya kazi

Kituo kinapowashwa hutafuta kidhibiti, hujitambulisha, hupokea mipangilio yake, kisha huanza kurusha mawimbi. Kwa mujibu wa CAPWAP, njia mbili hufunguliwa kati yao. Njia ya maagizo hutumia mlango wa UDP namba 5246 na hulindwa kwa usimbaji fiche. Njia ya data hutumia mlango namba 5247. Ndiyo inayobeba mawasiliano ya watumiaji pale yanapopitishwa kwenye kidhibiti.

Si lazima data ya watumiaji ipite kwenye kidhibiti. Kuna mipango miwili:

* Data yote hupelekwa kwenye kidhibiti kwanza, kisha hutoka hapo kwenda inakokwenda. Mpango huu hurahisisha ulinzi, na hufaa kidhibiti kinapokuwa katika eneo lilelile.
* Kidhibiti hutoa maagizo tu, na data hutoka moja kwa moja kupitia swichi iliyo karibu na kituo. Mpango huu hufaa kidhibiti kinapokuwa mji mwingine.

Tofauti ya mipango hii huonekana zaidi siku njia ya kwenda kwenye kidhibiti inapokatika.

## Kasi za data

### Hali tatu za kila kasi

Kwenye kidhibiti, kila kasi ya msingi huwekwa katika mojawapo ya hali tatu:

* Ya lazima. Kila kifaa kinachotaka kujiunga sharti kiweze kuitumia.
* Inayokubaliwa. Kifaa kinaweza kuitumia kikiiweza, lakini hakilazimishwi.
* Iliyozimwa. Hakuna anayeruhusiwa kuitumia.

Kwa kawaida kasi ya chini kabisa miongoni mwa zile za lazima ndiyo inayotumika kutuma fremu za tangazo. Hizi ni ujumbe mfupi ambao kituo huurudia takriban mara 10 kwa sekunde ili simu na kompyuta zijue kwamba mtandao upo. Kifaa kisichoweza kuzisoma fremu hizo hakiwezi kujiunga.

### Hesabu ya muda wa hewani

Katika chaneli moja ya redio, msemaji ni mmoja kwa wakati mmoja. Anayesema polepole huwachelewesha wote. Pakiti ya baiti 1,500 ni sawa na biti 12,000. Kwa kasi ya megabiti 1 hukaa hewani milisekunde 12. Kwa megabiti 54 hukaa milisekunde 0.22 tu, bila kuhesabu vichwa vya fremu. Kwa hiyo simu moja iliyo mbali inaweza kula muda ambao ungetosha simu nyingi zilizo karibu.

Fremu za tangazo nazo hula muda. Ikiwa kila moja ina baiti 300, matumizi yake kwa jina moja la mtandao katika kituo kimoja ni takriban haya:

* kwa megabiti 1: asilimia 2.5 ya muda wote;
* kwa megabiti 6: asilimia 0.4;
* kwa megabiti 12: asilimia 0.2;
* kwa megabiti 24: asilimia 0.1.

Asilimia 2.5 huonekana ndogo, lakini hujumlishwa. Taasisi yenye majina manne ya mtandao, kwa mfano la wafanyakazi, la wanafunzi, la wageni na la vifaa, huku vituo vitatu vikisikiana katika chaneli moja, hutuma matangazo ya aina kumi na mbili. Kwa megabiti 1, matangazo pekee humaliza takriban asilimia 30 ya muda kabla mtu yeyote hajafungua ukurasa. Kwa megabiti 12 kiasi hicho hushuka hadi chini ya asilimia 3. Ndiyo sababu mafundi hushauri kuzima kasi za 1, 2, 5.5 na 11, na kupunguza majina ya mtandao.

### Gharama ya kuzima kasi za chini

Kuzima kasi za chini kuna gharama yake. Kasi ya juu huhitaji mawimbi yenye nguvu zaidi ili isomeke. Kiwango cha 802.11a kinataka kipokezi kiweze kusoma megabiti 6 katika nguvu ya -82 dBm, megabiti 12 katika -79, megabiti 24 katika -74 na megabiti 54 katika -65.

Katika uwanja wa wazi, kila desibeli 6 zinazoongezeka katika mahitaji hupunguza umbali kwa nusu. Kutoka megabiti 6 hadi 12 ni desibeli 3. Umbali hupungua kwa asilimia 30 hivi, na eneo linalofikiwa hubaki nusu. Kutoka megabiti 6 hadi 24 ni desibeli 8, na eneo hubaki chini ya moja ya sita. Ndani ya majengo hesabu hubadilika kwa sababu ya kuta, lakini mwelekeo ni uleule.

Aidha, vifaa vya zamani vinavyojua 802.11b pekee, kama baadhi ya vichapishi na vyombo vya kupimia, hutengwa kabisa kasi zake zote nne zinapozimwa. Kwa hiyo kupandisha kasi ya lazima hufaa pale ambapo vituo viko karibukaribu. Taasisi yenye vituo vichache na eneo kubwa ikiiga mpangilio huo, huwatoa mtandaoni watu waliokuwa wakipata huduma ya polepole, nao hawataona ujumbe wowote wa kuwaeleza sababu.

Utaratibu unaopendekezwa ni kupima kwanza nguvu ya mawimbi katika kila chumba kinachotumika, kuorodhesha vifaa vya zamani vinavyohitajika, kisha kuzima kasi moja baada ya nyingine kuanzia ya chini, huku ikiangaliwa ni vifaa gani vinatoweka katika orodha ya kidhibiti.

## Upatikanaji wa huduma bila kukatika

### Maana yake kwa hesabu

Upatikanaji hupimwa kwa asilimia ya muda ambao huduma ipo. Mwaka una saa 8,760. Huduma ya asilimia 99 hukosekana takriban saa 88 kwa mwaka. Ya asilimia 99.9 hukosekana takriban saa 9. Ya asilimia 99.99 hukosekana dakika 53 hivi.

Vidhibiti viwili, kila kimoja kikiwa na upatikanaji wa asilimia 99, vikisaidiana hufikia asilimia 99.99, kwa kuwa nafasi ya vyote viwili kuharibika pamoja ni 0.01 × 0.01. Hesabu hii ni kweli kwa sharti moja: kuharibika kwa kimoja kusiwe na uhusiano na kuharibika kwa kingine. Vidhibiti hivyo vikichomekwa katika soketi moja yenye umeme asilimia 98 ya muda, huduma haiwezi kuzidi asilimia 98, yaani itakosekana takriban saa 175 kwa mwaka, hata kama vingenunuliwa vidhibiti kumi.

### Njia za kuweka akiba

* Jozi inayofuatana. Kidhibiti kimoja hufanya kazi na cha pili hukaa tayari kikinakili hali ya cha kwanza. Cha kwanza kikizimika, cha pili hushika nafasi papo hapo bila vituo kuanza upya. Katika vidhibiti vya Cisco vya kizazi kilichopita, uwezo huu ulianza kwa vituo katika toleo la 7.3 la programu, na kwa vifaa vya watumiaji katika toleo la 7.5.
* Akiba moja kwa wengi. Vidhibiti kadhaa vya matawi mbalimbali huwa na kimoja cha akiba. Kila kituo huandikiwa majina ya kidhibiti chake cha kwanza, cha pili na cha tatu. Njia hii ni nafuu zaidi, lakini vituo huchukua muda kujiunga upya.
* Vituo kujitegemea. Kidhibiti kisipopatikana, kituo huendelea kutumia mipangilio ya mwisho na kuwahudumia watumiaji.

Kituo hujua kwamba kidhibiti kimezimika kwa kukitumia ujumbe wa kukijulia hali na kukosa jibu. RFC 5415 inataja muda wa msingi wa sekunde 30 kati ya ujumbe mmoja na mwingine, na kurudia kutuma kabla ya kukata tamaa. Muda huo unaweza kupunguzwa. Ukipunguzwa kupita kiasi katika njia inayoyumba, vituo hukihama kidhibiti kizima bila sababu, na watumiaji hukatikiwa mara nyingi zaidi kuliko awali.

Pale ambapo kidhibiti cha akiba hakina nafasi ya kutosha kwa vituo vyote, kila kituo hupewa daraja la umuhimu. Vituo vya daraja la juu hupokelewa kwanza. Daraja hili lisipopangwa, kituo cha ukumbi wa mikutano kinaweza kupata nafasi huku cha chumba cha upasuaji kikikosa.

### Vitu vinavyosahaulika

Kidhibiti si kiungo pekee. Seva ya kugawa anwani za IP, seva ya kuthibitisha majina na nywila, swichi inayolisha vituo umeme, na betri za akiba, zote zinaweza kuangusha huduma zikiwa moja moja. Vilevile jozi ya vidhibiti ambayo haijawahi kujaribiwa kwa kukizima cha kwanza kwa makusudi haijathibitishwa kuwa akiba. Jaribio hilo hufanywa wakati wa kazi chache, watumiaji wakiwa wamearifiwa.

## Hali ya Tanzania

Nchini Tanzania mamlaka inayosimamia masafa ya redio na kuidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mawasiliano kati ya mikoa hutegemea kwa kiasi kikubwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaoendeshwa na TTCL. Kuelekea nje ya nchi hutegemewa nyaya za baharini, zikiwemo SEACOM, iliyoanza huduma mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza mwaka 2010.

Mwaka 2024 ulionesha kwa vitendo tofauti kati ya kuwa na vitu viwili na kuwa na akiba. Tarehe 12 Mei nyaya za SEACOM na EASSy zilikatika zote mbili baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota sana nchini Tanzania na katika nchi jirani. Nyaya zilikuwa mbili na za wamiliki tofauti, lakini zilipita eneo moja la bahari. Kabla ya hapo, tarehe 1 Aprili, hitilafu katika Gridi ya Taifa ilikata umeme katika sehemu kubwa ya nchi.

Kwa taasisi inayotumia kidhibiti kilichoko nje ya nchi, tukio kama la Mei humaanisha kwamba mipangilio haiwezi kubadilishwa hadi njia irudi. Kama vituo vinajitegemea, watumiaji wa ndani hawatahisi tofauti katika huduma zilizo ndani ya taasisi. Kama havijitegemei, hata mawasiliano ya vyumba viwili vilivyopakana husimama.

## Mazingira ya mkoa wa Singida

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania, una eneo la takriban kilomita za mraba 49,000, na katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2. Mji wa Singida uko takriban kilomita 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, kupitia Dodoma. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga hupita Dodoma na Singida.

Umbali wenyewe si kikwazo cha kasi. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilomita 700 kwenda na kurudi huchukua milisekunde 7 hivi, pamoja na ucheleweshaji mdogo wa mitambo ya njiani. Miongozo ya Cisco kwa vituo vinavyopeleka data kwa swichi ya karibu huruhusu hadi milisekunde 300. Kikwazo ni kwamba katika kilomita hizo zote njia inaweza kukatwa na matengenezo ya barabara au mafuriko, na fundi mwenye kipuri anaweza kuwa mwendo wa siku nzima.

Majengo nayo yana athari. Taasisi nyingi za mkoa huwa na majengo ya chini yaliyotawanyika katika uwanja mpana, yenye kuta nene za tofali na paa za bati. Bati hurudisha mawimbi, kwa hiyo kituo kilichofungwa ndani ya jengo moja hakifiki vizuri katika jengo la pili. Vumbi la kiangazi huziba feni za vifaa, na radi za masika huharibu vifaa vilivyounganishwa kwa nyaya za shaba kati ya jengo na jengo. Mkongo hauna hatari hiyo kwa sababu kioo hakipitishi umeme.

### Mfano wa hospitali

Mfano ufuatao si wa hospitali halisi, bali unaonesha jinsi mipangilio miwili inavyoshikamana. Hospitali ya wilaya ina vituo 20. Kidhibiti kiko Dodoma, na seva ya kumbukumbu za wagonjwa iko ndani ya hospitali. Data yote imepangwa ipite kwenye kidhibiti, na kasi ya lazima ya chini ni megabiti 24, kama ilivyo ofisini Dodoma.

Siku za kawaida wodi kuu hupata huduma nzuri. Wodi ya wagonjwa wa kuambukiza, iliyo mwisho wa uwanja, haipati kitu, kwa kuwa mawimbi yanayofika huko yanatosha megabiti 6 lakini hayatoshi 24. Muuguzi huandika kwenye karatasi na kwenda kuingiza taarifa jengo jingine. Siku mkongo unapokatika kati ya Singida na Dodoma, hali huwa mbaya zaidi: muuguzi wa wodi kuu hawezi kusoma kumbukumbu zilizo kwenye seva iliyo mita 50 kutoka alipo, kwa sababu data yake ilikuwa ikienda Dodoma na kurudi.

Marekebisho hayahitaji kununua kidhibiti kingine:

1. Data ya wafanyakazi itoke kwa swichi ya hapo hapo hospitalini.
2. Uthibitishaji wa wafanyakazi uwe na seva ya akiba ndani ya hospitali.
3. Vituo vya wodi ya mbali viwekwe katika kundi lake, lenye kasi ya lazima ya megabiti 6, wakati wodi kuu zenye vituo vya karibukaribu zibaki na 12 au 24.
4. Swichi, seva na vituo vya wodi viwe kwenye betri ya akiba au umeme wa jua.
5. Vituo vya wodi na maabara vipewe daraja la juu kuliko vya utawala.

Fedha zikipatikana baadaye, hatua inayofuata ni kuongeza kituo karibu na wodi ya mbali, ndipo kasi ya lazima ipandishwe kote. Kidhibiti cha pili hufuata baada ya hapo, nacho huwekwa kwenye jengo na njia ya umeme tofauti na cha kwanza.

## Tazama pia

* Wi-Fi
* Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano
* Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania
* Mkoa wa Singida